Taa ya DPF (kichujio cha masizi ya dizeli) inarudi kila wiki, fundi anataka atoboe. Nikubali au kuna njia nyingine?

mtu_wa_kimara

Wakuu salaam. Naombeni msaada kabla sijafanya maamuzi ya hasira.

Nina SUV ya Kijapani, dizeli cc 2,200 ya mwaka 2014, kampuni siitaji maana najua uzi utageuka vita ya mashabiki na jibu sitapata. Ilikuja inasoma km 71,000. Mwanzoni ilikuwa raha tupu, inakunywa kidogo af ina nguvu, Kitonga nimepanda na familia nzima na mizigo wala haijahema. Mwaka jana nikahamishiwa Posta na mi nakaa Kimara, kwa hiyo ni foleni asubuhi foleni jioni. Hapo katikati hosi ya maji ilipasuka nikapeleka gereji ya jirani wakarekebisha, na niseme ukweli tangu hapo injini haijawahi kuchemka hata siku moja, kwenye hilo nawapongeza.

Sasa miezi michache baadaye ikaanza hii taa ya DPF, ile ya kibomba chenye vidoti ndani. Nikaenda kwa jamaa mwenye mashine ya kupima, ikasoma kodi ya hitilafu P2463, akasema masizi yamejaa, akachoma kwa mashine, gari ikawa inapiga resi yenyewe pale pale ilipopaki karibu nusu saa, joto la chini si la kawaida hadi majani yakanyauka. Taa ikazima. Wiki haijaisha imerudi. Tukachoma tena, ikarudi tena. Sa hivi gari imekuwa nzito, ukikanyaga haiendi, cheki injini nayo imewaka.

Fundi mwingine ananiambia nisipoteze hela, tulishushe hilo kopo la DPF, atoboe masega yote (kigae cha ndani) kwa nondo, arudishie, af aiprogramu kontrolboksi (kompyuta ya injini) isahau kama kuna DPF. Laki 8. Na akasema masega yakitoka nimwachie yeye "ayatupe".

Maswali yangu: je ni kweli dizeli yetu haifai kwa haya magari? Naweza kushusha nikapiga presha ya kaoshi nikarudishia? Na nikitoboa kuna madhara gani? Jambo zuri ni kwamba oili haipungui kabisa, nikicheki stiki naona hata imepanda kidogo.

---

fundi_dizeli_tabata

Hilo la oili uliloliita jambo zuri ndilo limenitisha kuliko taa. Leo hii vuta stiki, inuse. Ikinuka dizeli na imepita alama ya juu, usiwashe hiyo gari kwenda mbali mpaka umwage oili. Kuna gari stiki yake ina alama ya X juu kabisa ya F (alama ya kujaa), ukiifikia hiyo X ujue kiwandani wenyewe walishaona hili litatokea. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi kama maji, beringi zinaenda, na ikizidi sana injini inaweza ikaanza kuivuta na kuichoma, inapiga resi yenyewe hata ukitoa funguo haizimi. Sijasema hivyo kukutisha.

Inatoka wapi hiyo dizeli? Hapo ndipo inabidi uelewe hili kopo linavyofanya kazi maana mafundi wengi tunachoma tu bila kujua tunachoma nini. Ndani kuna kigae chenye vijia vingi vyembamba, kila kijia kimezibwa upande mmoja na cha jirani yake kimezibwa upande wa pili, kwa hiyo moshi unalazimika kupenya kwenye kuta, hewa inapita masizi yanabaki. Ndio maana katalisti ya kawaida ukiimulika tochi unaona mwanga upande wa pili, DPF nzima huoni kitu, na sio kwamba imeziba, imezaliwa hivyo. Nimeshaona watu wanatupa DPF nzima kisa "haioneshi mwanga".

Masizi yenyewe yanataka nyuzi 600 hivi kuungua. Ukiwa safari ndefu moshi ni wa moto wa kutosha, katalisti ya mbele inatengeneza gesi inayoyala hayo masizi taratibu kuanzia kwenye nyuzi 250 hadi 400, wewe huna hata habari. Ndio maana ulipokuwa unasafiri hukuona taa. Kwenye foleni moshi haufiki huko, kwa hiyo kontrolboksi inasubiri yafike kiwango fulani af inaamrisha nozeli zimwage dizeli ya ziada mwishoni mwishoni pistoni ikiwa inashuka, hiyo dizeli inaenda kuungulia kwenye katalisti, joto linapanda, masizi yanawaka. Dakika 10 hadi 25 hivi. Ukiizima njiani umefika ofisini, kazi imekatika, na dizeli nyingine imeshateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Kesho inaanza tena, unaikata tena. Oili inapanda namna hiyo.

Mwambie huyo wa mashine asichome tena kwanza. Akusomee vitu: joto la maji gari ikiwa imeshatembea, presha ya DPF ukiwa umewasha swichi tu injini haijawaka (hapo lazima isome sifuri, isiposoma sifuri sensa au vihosi vyake ni vibovu), af presha kwenye sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), kwa gari nyingi chini ya kPa 1 ndio afya. Na angalia vile vihosi viwili vya mpira vinavyotoka kwenye kopo kwenda kwenye sensa, huwa vinakauka vinapasuka au vinaziba masizi, kontrolboksi inadanganywa.

Swali moja la haraka. Ile taa ya bluu ya injini baridi, asubuhi inazimikia wapi?

---

chuma_ya_moro

Mkuu mtu_wa_kimara achana na darasa la kemia. Toboa. Mi yangu nimetoboa muda mrefu sasa, gari inapumua, inavuta, sijui taa wala nini. Hii teknolojia imetengenezwa kwa barabara za Ulaya na Japani sio Ubungo saa kumi na mbili jioni. Trafiki gani Tanzania atakusimamisha akuulize DPF yako iko wapi? Dizeli yetu chafu, tunajidanganya tu.

---

mtu_wa_kimara

@fundi stiki nimevuta, imepita F vizuri tu na harufu ya dizeli ipo, aisee nimeishiwa nguvu. Taa ya bluu asubuhi inazima nikiwa Ubungo huko, siku nyingine ikiwa na mvua hata siangalii. Nilidhani ni kawaida ya dizeli.

---

wa_rongai

Sasa wasee wa Bongo. Naandika kutoka upande wa Nairobi, huku hizi gari ni mingi sana juu serikali hairuhusu kuingiza gari imepita miaka 8, kwa hivyo dizeli zinazokuja karibu zote ziko na DPF, hatuna ile bahati ya kununua mzee wa 1998.

Taa ya bluu kutoka Kimara hadi Ubungo haizimi? Buda hapo hakuna thermostat, ile vali ya kuzuia maji hadi injini ipate joto. Uliza hiyo gereji ilitengeneza hosi ya maji. Ni ugonjwa wa mafundi wa Afrika Mashariki yote, gari ikiguswa mfumo wa maji kitu ya kwanza wanatoa thermostat wanasema "huku ni joto haihitajiki". Kwa gari ya kitambo ungesamehe. Kwa hii, kontrolboksi haiwezi anzisha kuchoma kama maji haijafika joto yake, ama inaanza na inakatiza. Ulisema tangu hapo haijawahi kuchemka ukawapongeza, hiyo ndio ilinifanya nicheke.

Na si lazima ikuletee P0128, ile code ya thermostat, inategemea. Angalia kwa macho.

Kuhusu dizeli chafu, hapana. Nchi za Jumuiya zilihama kwa salfa ya ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni) kuanzia tarehe 1 Januari 2015, kabla ya hapo ilikuwa 500. Japani wao ni 10. 50 si nzuri kama 10 lakini DPF inaishi nayo. Kitu inaua ni dizeli imechanganywa na mafuta ya taa, na hiyo ni mambo ya kuchagua petrol station.

---

fundi_dizeli_tabata

Jamaa wa Rongai kamaliza. Hilo ndilo nililokuwa naenda nalo. Kwenye mafuta naongezea tu kwamba EWURA (wadhibiti wa mafuta Tanzania) walianza kuweka vinasaba, ile alama ya siri kwenye mafuta, tangu 2010 kwa ajili ya uchakachuaji, kwa hiyo jaza vituo unavyoviamini na tunza risiti, usinunue kwenye madumu ya njiani hata kama ni bei ya kutupa.

Sasa @chuma_ya_moro nikujibu bila ugomvi. Gari yako inavuta sababu umeondoa kizuizi, sawa. Ila DPF haikuziba yenyewe. Kuna nozeli inayodondosha, au EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini) imekwama wazi, au tabo inapitisha oili, au themostati haipo kama huyu ndugu yetu. Ukitoboa, ule ugonjwa uko pale pale, umeondoa tu kitu kilichokuwa kinakwambia unaumwa. Huyu ndugu angetoboa kwa laki 8, gari bado ingekuwa inatembea na nyuzi 60 maisha yake yote, mafuta yanaungua vibaya, injini inachakaa, na hajui.

Na lile kopo la kutobolewa kwa nondo bila kuprogramu vizuri, kontrolboksi inaona presha haibadiliki inawasha taa nyingine, P2002, unarudi tena kulekule. Walioprogramu vibaya wakaacha ile amri ya kumwaga dizeli ya ziada, oili inaendelea kupanda na hakuna kinachochomwa. Nimeshashusha injini ya namna hiyo.

Kuhusu masega "ayatupe", mkuu hapo umeuzwa mchana. Ndani kuna platinamu. Wanunuzi wa masega wanazunguka kila gereji na mizani. Ukiamua kutoboa, angalau ondoka na masega yako.

---

sakura_magomeni

Naomba niingie hapo kwenye "teknolojia ya Ulaya na Japani". Japani wenyewe walikuwa wanapuliza moshi mweusi kama sisi tu. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alisimama mbele ya waandishi na chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ndani ina masizi meusi, akaitikisa mbele ya kamera. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani mitatu wakapiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi, ukitaka kuingia ufunge kifaa au ununue jipya. Walifunga. Magari madogo yakafuata baadaye, ingawa Peugeot 607 ya 2000 ilishatangulia kutoka kiwandani nayo.

Na masizi sio uchafu wa nguo tu. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, Juni 2012 liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Yule mama anayekaanga mihogo kituo cha daladala hana DPF puani.

Kwa wanaonunua gari mkononi: ingiza kidole kwenye bomba la moshi, zungusha, toa. DPF nzima bomba linakuwa safi, unatoka na vumbi la kijivu kidogo. Kidole kikitoka cheusi tii, aidha limetobolewa au limepasuka ndani, hata muuzaji aape vipi.

---

chuma_ya_moro

Dada umenifanya niende kuingiza kidole kwenye bomba langu saa hizi 😂😂 nimeona. Ila bado nasema kwa foleni zetu ni mateso. Mtu wa mkoani anaweza, wa Dar hapana.

---

mbeba_boksi_luton

Huku kwa Malkia (sasa Mfalme) ukitoboa ni kesi. Tangu Februari 2014 gari iliyotoka kiwandani na DPF ikikutwa kopo tupu inafeli ukaguzi wa mwaka, na faini inafika pauni 1,000, ya van pauni 2,500. Watu bado wanatoboa wakachomelea vizuri usione mshono, lakini sio kitu cha kujisifia mbele ya watu.

Nafanya kazi gereji ya mabasi. Sisi DPF ikijaa tunashusha, tunapima uzito, inaingia kwenye oveni usiku kucha, asubuhi inapulizwa hewa kinyumenyume na njia ya moshi, inapimwa tena uzito. Uzito usiposhuka ndio inafikiriwa kutupwa. Hakuna anayeingiza nondo wala jeti.

@chuma kweli foleni ni adui. Lakini huku nako London ni foleni tupu na mabasi yanasimama kila mita mia tatu, DPF zinadumu. Zinatunzwa tu.

---

wa_rongai

Ukweli pia usemwe, kuna gari ilitoka kiwandani na shida. Hilux na Prado za injini ya dizeli ya 1GD huko Australia, mahakama mwaka 2022 ilisema DPF zake zilikuwa na kasoro, ni magari zaidi ya 260,000. Toyota walikuja wakaongeza swichi ya kuchoma kwa mkono, ukiona taa unatafuta mahali pazuri unabonyeza. So si kila mara ni mwenye gari.

---

mtu_wa_kimara

Wakuu narudi na ripoti. Nimemtafuta fundi mwingine kabisa, nikamwonesha uzi huu kwenye simu, akasoma akacheka akasema twende kazi.

Mashine ikachomekwa, tukaenda Kimara hadi Kibamba na kurudi, joto la maji halikuvuka nyuzi 66. Sita sita! Presha ya DPF swichi ikiwa on ilisoma sifuri, kwa hiyo sensa nzima, ila sailensi ilikuwa inacheza juu ya 3. Akafungua nyumba ya themostati, wakuu, mle ndani hamna kitu. Wamekata lile duara la nje wakaliacha likae na gasketi ili isivuje, ya katikati wameng'oa. Nimempigia yule wa gereji ya jirani akanijibu "si uliniambia usichemshe tena."

Themostati mpya imewekwa, taa ya bluu sasa inazima kabla hata sijafika Korogwe (ya Kimara sio ya Tanga). Oili tumemwaga, ilitoka nyingi kuliko inayotakiwa kuingia. Af ndio akachoma kwa mashine, ila mara hii alinitoa pale kwenye majani tukaenda kwenye zege tupu, akaweka feni mbele ya rejeta, akasema watu wameshaunguza magari kwa nyasi kavu chini. Presha sailensi imeshuka hadi 0.8. Nguvu imerudi.

Swali la oili sasa, dukani nimekuta za kila rangi, muuzaji anasema "hii ya dizeli, 15W-40, malori yote yanatumia".

---

fundi_dizeli_tabata

Safi sana. Hiyo ya malori usiweke. Nikupe picha ya jikoni: masizi ni mkaa, ukipata moto yanaungua yanaisha. Ila oili ikiungua inaacha jivu, na jivu huwezi kulichoma tena hata uwashe jiko siku tatu. Linakaa kwenye DPF milele mpaka lishushwe. Kwa hiyo unatafuta oili yenye jivu kidogo. Kwa dizeli ndogo ya Kijapani angalia kopo limeandikwa JASO DL-1, hiyo jivu lake mwisho ni asilimia 0.6. Ukikosa, ACEA C3 inakubalika kwa gari nyingi, mwisho 0.8, lakini soma kitabu cha gari kwanza. Zile za malori ni 1.0 na kuendelea.

Badilisha mapema kuliko ulivyozoea kwa sababu ya foleni, na ukiona dalili inachoma (sailensi imepanda kidogo, injini haijizimi kwenye taa za barabarani kama ina huo mfumo, harufu ya moto, feni inazunguka hata ukizima) usizime. Zunguka. Jumapili asubuhi toka hadi Chalinze, mwendo wa 80 unatosha, gia moja chini ya kawaida rpm iwe 2,000 na zaidi, Kibaha uheshimu 50 zao au utachangia serikali. Na usitembee na taa ya mafuta imewaka, gari nyingi hazianzi kuchoma tenki likiwa karibu na tupu.

---

nyota_ya_mbagala

Mimi yangu inasoma P242F na odometa inaonesha km 82,000, niliambiwa ya bibi wa Japani wa kwenda sokoni. Nimechoma haisaidii, dawa ya chupa ya kuchanganya kwenye tenki nimeweka haisaidii.

---

fundi_dizeli_tabata

P242F ni jivu, sio masizi. Dawa ya chupa inasaidia masizi yaungue kwa joto la chini, jivu haligusi. Na jivu la kujaza DPF kwa kawaida linatafuta km 150,000 au zaidi, kwa hiyo huyo bibi alikuwa anaenda soko la mbali sana. Inawezekana pia mtu alibadilisha kontrolboksi, au alitumia oili mbaya, hakikisha kabla hujamtukana dalali.

Yako inashushwa. Pima uzito kabla, andika kwa maka pembeni ya kopo. Puliza hewa ya kompresa kuanzia upande wa kutokea moshi kurudi upande wa kuingilia, na vaa barakoa nzuri, fungia ile sehemu, sio kupulizia gereji nzima na watoto wanapita. Af maji, upande huohuo wa kutokea, presha ndogo tu ya bomba la kawaida, mpaka maji yatoke meupe. Ile jeti ya kaoshi ukiisogeza karibu inavunja kigae na kung'oa dawa ya katalisti iliyopakwa ndani. Asidi ya betri au ya chooni ndiyo kabisaa usithubutu, na wanaochoma kwa mtungi wa gesi wanapasua kigae katikati bila kuona. Ikishatoka maji, ikaushe kweli kweli, juani siku nzima au oveni ya moto mdogo, ikiwa na unyevu ukaiwasha inaweza kupasuka. Pima uzito tena. Ukirudishia weka gasketi mpya, ya zamani ikivujisha sensa zinasoma uongo, af mwenye mashine aingie kwenye programu aiambie kontrolboksi kwamba DPF imesafishwa, aanze kuhesabu jivu upya. Hilo la mwisho wengi wanalisahau, kopo safi lakini taa inawaka palepale.